Mnyauko wa migomba: jeni zinazosubiri mzizi upite

Jani la chini la mgomba wa kisukari linapoanza kuwa la njano kutoka ukingoni kuelekea mshipa wa kati, kazi imekwisha kufanyika. Muda mrefu kabla ya hapo, chini ya udongo, kuvu ndogo isiyoonekana kwa macho ilikwisha kuwasha baadhi ya jeni zake na kuzima nyingine, na mpangilio huo ndio ulioua mgomba. Jani la njano ni taarifa tu, tena iliyochelewa.

Sisi wa Mwanza si walimaji wakubwa wa migomba kama ndugu zetu wa Kagera. Ndizi za kupika zinatufikia kwa meli kutoka Bukoba na Kemondo, au kwa malori yanayopita Geita. Lakini nyuma ya nyumba nyingi, tangu Buhongwa hadi Sengerema na Ukerewe, hukosi mashina mawili matatu ya kisukari karibu na bafu, yanajinywea maji ya kuoshea vyombo. Hayo ndiyo yanayokufa. Mwenye nyumba atasema udongo umechoka. Atang'oa shina, ataomba chipukizi kwa jirani, atapanda palepale, na baada ya muda jani la njano linarudi.

Nataka kueleza kwa nini linarudi, na kwa nini jibu liko kwenye namna jeni zinavyoamshwa kuliko kwenye uchovu wa udongo.

Kwanza tutenganishe magonjwa mawili ambayo watu huyatia kapu moja. Mnyauko bakteria uliingia Kagera mwaka 2006 na ukawatia watu hasara kubwa. Huo huwaivisha watoto wa mkungu kabla ya wakati, hukausha ua dume, na shina likikatwa hutoa usaha wa njano. Wadudu wanaotembelea ua dume huubeba, na mapanga yetu huumalizia usambazaji, ndiyo maana mabwana shamba walihimiza kuondoa ua kwa kijiti chenye panda na kupitisha panga kwenye moto au Jik. Ushauri ule ni mzuri, lakini haugusi ugonjwa ninaouzungumzia hapa, ambao unapitia mzizini na haujali ua hata kidogo.

Huu wa kuvu, unaoitwa pia ugonjwa wa Panama, una alama zake. Majani ya zamani hugeuka njano kwanza, kisha huvunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kuzunguka shina huku jani changa la katikati likisimama bado kijani. Wakati mwingine shina hupasuka karibu na ardhi. Ukitaka uhakika, likate kwa mlalo. Mgomba mzima ndani ni mweupe, wenye vyumba vya hewa, na utomvu wake utakuharibia shati. Mgomba wenye kuvu una madoa ya rangi ya kutu yaliyopangwa kwa duara, yakifuata magamba ya shina, makali zaidi kwenye magamba ya nje. Lipasue sasa kwa wima: yale madoa yanageuka mistari mirefu inayopanda kutoka kwenye tunguu. Kila mstari ni mrija wa maji uliovamiwa ukaziba. Hakuna usaha, wala ndizi hazijaiva kwa pupa. Mgomba unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye udongo uliolowa.

Mhusika ni kuvu iitwayo Fusarium oxysporum. Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu kuvu za jina hilo zimejaa kila mahali na nyingi hazina neno na mtu. Huishi kwenye udongo na hata ndani ya mizizi bila kudhuru. Nyingine ni wauaji, lakini wauaji wa kuchagua. Pale Ukiriguru, kusini kidogo mwa jiji, watafiti wa pamba wamepambana kwa miongo na ndugu yake anayeinyausha pamba. Huyo wa pamba hana habari na mgomba, na wa mgomba hana habari na pamba wala nyanya. Ukiwaweka chini ya darubini hutawatofautisha kwa umbo. Tofauti inabidi itafutwe ndani zaidi.

Jeni ni kipande cha DNA, ile kemikali ya urithi iliyo ndani ya kila seli, chenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli huinakili jeni kuwa RNA, kisha RNA husomwa na protini hutengenezwa. Jeni isiponakiliwa ipo, lakini haifanyi kitu. Wavuvi wa dagaa wa Ukerewe wana mitumbwi, nyavu na taa mwezi mzima, lakini mbalamwezi ikiwa kamili vyote hulala ufukweni, na giza likirudi vyote huingia majini. Kuhesabu mitumbwi mchana hakukuambii usiku gani dagaa watavuliwa. Kwa kuvu ni vivyo hivyo: ina maelfu ya jeni, na orodha yake peke yake haisemi lini itageuka muuaji. Wa kuulizwa ni wale wanaotoa ruhusa. Hao nao ni protini, zinazokaa kwenye DNA karibu na mwanzo wa jeni na kuruhusu au kuzuia inakiliwe. Nitaziita wasimamizi.

Kuvu inavyoamka

Bila mgomba, kuvu hulala. Hutengeneza spora, yaani mbegu zake ndogo, zenye ukuta mnene zinazoweza kukaa udongoni miongo kadhaa, zikivumilia ukame na njaa. Katika hali hiyo jeni nyingi zimezimwa, na spora haili wala haikui. Ndiyo maana kuacha shamba lipumzike msimu mmoja au miwili hakusaidii kitu. Spora haina haraka.

Kinachoiamsha ni mzizi. Mzizi wa mgomba unaokua huvuja sukari na viambata vingine kwenye udongo unaouzunguka, na spora iliyo jirani hupata chakula, huota na kutoa nyuzi. Nyuzi hizo hazitapetapei ovyo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Córdoba, Hispania, walionyesha kwa kutumia kuvu ya nyanya kwamba nyuzi hugeuka na kufuata vimeng'enya ambavyo mzizi wenyewe huvitoa, vya aina ya peroksidesi. Vimeng'enya hivyo ni sehemu ya ulinzi wa mmea, kwa hiyo mmea unajilinda na papo hapo unamwelekeza adui mlango uliko. Kinachonusa ni protini iitwayo Ste2, ambayo kwa kuvu nyingine hutumika kumtambua mwenza wa kuzaana naye. Fusarium oxysporum haijawahi kuonekana na mtu yeyote ikizaana kwa njia hiyo. Inaelekea ilibaki na pua ya kutafutia mchumba, ikaipa kazi ya kutafutia chakula.

Habari ikishanuswa nje ya seli lazima ifike kwenye DNA. Inapitishwa na mnyororo wa protini, moja ikiiamsha nyingine, hadi wa mwisho anayeingia kwenye kiini na kuwagusa wasimamizi. Kuvu ina minyororo kadhaa ya aina hiyo: mmoja unaelekea kwenye uvamizi, mwingine unalinda ukuta wa seli, mwingine unashughulikia msukosuko wa chumvi na maji. Watafiti walipoondoa jeni za mnyororo wa ukuta wa seli kwenye kuvu ya mgomba, kuvu iliendelea kuishi lakini ukali wake ukapungua sana. Hilo ni jambo la kuzingatia, kwamba silaha zilikuwepo zote na kilichokatika ni mawasiliano.

Hapa kuna suala la udongo ambalo wakulima huniuliza na lina jibu lenye kona. Inafahamika kwamba udongo wenye tindikali nyingi huongeza ugonjwa huu, na kwamba kuweka chokaa na kutumia mbolea ya nitrojeni ya aina ya nitreti badala ya amonia huupunguza. Sehemu ya sababu ni msimamizi aitwaye PacC, ambaye hufanya kazi pale mazingira yanapoelekea alkali. Kwenye kuvu ya nyanya, waliomwondoa PacC walipata kuvu kali zaidi, yaani yeye ni breki. Lakini mwaka 2016 kundi lile la Córdoba likaonyesha kwamba kuvu ikifika mzizini hutoa protini ndogo inayoiga homoni ya mmea, na kwa njia hiyo huufanya ule ukingo mwembamba wa mzizi uwe wa alkali, jambo linaloamsha mnyororo wa uvamizi. Je, alkali inaizuia kuvu au inaisaidia? Yote mawili, kwa sehemu tofauti na kwa wakati tofauti. Shambani chokaa hubadilisha hata upatikanaji wa madini ya chuma na maisha ya bakteria wanaoshindana na kuvu, ilhali pale kwenye ngozi ya mzizi kuvu inajitengenezea hali yake. Kwa hiyo chokaa ni msaada. Anayeiuza kama dawa anakudanganya.

Kromosomu za kuhamahama

Turudi kwenye swali la pamba na mgomba. Mwaka 2010 ilichapishwa ramani ya DNA ya kuvu ya nyanya, na ikaonekana ina kromosomu 15, yaani mafungu 15 ya DNA. Nyingi ni za ukoo, zinafanana na za jamaa zake wote, na zinabeba kazi za kila siku za kula, kukua na kugawanyika. Lakini nne kati yake, na vipande vya nyingine mbili, hazina mwenzi kwa jamaa. Ni za ziada. Watafiti wakafanya jambo lililowashangaza wengi: walikuza pamoja kuvu muuaji na kuvu mpole, na kromosomu moja ya ziada ikahama kutoka kwa muuaji kwenda kwa mpole. Yule mpole akaanza kuua nyanya.

Hapo ndipo uchaguzi wa windo unapokaa. Kuvu ya mgomba nayo ina sehemu zake za ziada, tofauti na za kuvu ya pamba. Ndani ya sehemu hizo kuna jeni za protini ndogo ambazo kuvu huzimwaga kwenye mirija ya maji ya mmea. Ziligunduliwa kwanza kwenye utomvu wa nyanya iliyougua, zikapewa jina la SIX na namba, na kwa nyanya zimefika 14. Kuvu ya mgomba ina baadhi yake tu. Kazi yake, kwa zile zilizokwisha kueleweka, ni kuvuruga ulinzi wa mmea ili kuvu ipite. Jeni ya SIX1 ilipoondolewa kwenye kuvu ya mgomba, ukali ulipungua, na ilipoondolewa SIX8 ilikuwa hivyohivyo.

Kinachonivutia mimi ni kwamba jeni hizi, kuvu ikiwa kwenye sahani ya maabara imelishwa vizuri, ziko kimya au karibu na kimya. Zinawaka kuvu ikiwa ndani ya mmea hai. Mojawapo ya sababu ni namna DNA ilivyofungashwa. DNA haikai wazi ndani ya kiini, imezungushiwa protini ziitwazo histoni, na kwenye histoni kunaweza kubandikwa alama za kikemia zinazoibana DNA isisomeke. Kromosomu za ukoo kwa sehemu kubwa ziko wazi. Zile za ziada zimejaa alama za kubana. Jeni za mauaji zimehifadhiwa mahali penye ukimya, na kuzifungua lazima kuwe na sababu.

Msimamizi anayejulikana zaidi katika kuzifungua ni SGE1. Mwaka 2009 ilionekana kwamba kuvu ya nyanya ikikosa SGE1 haitoi protini za SIX na haiuguzi mmea hata kidogo, ingawa inaingia mzizini. Baadaye kuvu ya mgomba ikapimwa, matokeo yakawa hayohayo: bila SGE1 hakuna ugonjwa. Sasa angalia: SGE1 haikai kwenye kromosomu za ziada. Iko kwenye za ukoo, kwa hiyo hata zile kuvu zisizo na madhara zinayo. Jeni ngeni za mauaji zilipohamia zilimkuta msimamizi mwenyeji, naye akazipa ruhusa. Na si kuvu hizi tu zenye msimamizi wa ukoo huo. Candida albicans, fangasi wa mdomoni na sehemu za siri ambao kila duka la dawa pale mjini lina mafuta yake, ana jamaa wa SGE1 anayeamua seli zake zichukue umbo lipi.

Kromosomu za ziada nazo zilikuja na wasimamizi wao, akiwemo FTF1. Msimamizi huyu akilazimishwa kufanya kazi kupita kiasi, anaweza kuwasha jeni za mauaji hata kuvu ikiwa kwenye sahani, nje ya mmea. Kwa hiyo ruhusa inatolewa na wenyeji na wageni kwa pamoja, na hii ni moja ya sababu kuvu hii ni ngumu kuidhibiti. Ukimfunga mmoja, mwingine anaweza kushika nafasi.

Ndani ya mirija

Ikishaingia mzizini kuvu hubadilisha tena jeni zake. Kwanza zinakuja za vimeng'enya vya kuyeyusha kuta za seli, ambazo huzimwa pale sukari nyepesi inapopatikana na kuwashwa inapokosekana. Kisha kuvu hufika kwenye mirija ya maji na hapo hutengeneza spora ndogo nyepesi zinazobebwa na maji kwenda juu. Zinakwama kwenye kizuizi ndani ya mrija, zinaota, zinapenya, zinatoa spora nyingine, zinapanda tena. Mgomba mrefu hupandwa hivyo hatua kwa hatua.

Wakati huohuo jeni za sumu zinawashwa. Asidi ya fuzari ni mojawapo, na jeni zake zimekaa pamoja kwenye DNA ili ziwashwe kwa mkupuo. Juu ya kundi hilo na mengine ya sumu wamesimama wasimamizi wa ukoo uitwao Velveti, ambao kazi yao kuu ni kuoanisha mambo mawili: kuzaa spora na kutengeneza sumu. Kuvu iliyoharibiwa Velveti yake hupoteza sehemu ya vyote viwili.

Ipo pia habari ya karibuni zaidi kuhusu aina iitwayo TR4, inayowatisha wakulima wa dunia nzima. Historia yake kwa ufupi: aina ya kwanza ya kuvu hii ilimaliza mashamba ya Gros Michel huko Amerika ya Kati hadi katikati ya karne iliyopita, ile ndizi ambayo majirani zetu Waganda huiita bogoya. Makampuni yakahamia Cavendish, ndizi nyingine ya biashara, ambayo aina ya kwanza ya kuvu haikuiweza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Cavendish ikaanza kunyauka huko Taiwan, na baadaye kuvu hiyo ikasambaa Asia, Australia, Mashariki ya Kati, na mwaka 2019 ikafika Kolombia. Wengi tulidhani TR4 ni aina ya kwanza iliyojinoa zaidi. Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, waliolinganisha DNA ya kuvu 36 kutoka sehemu mbalimbali, walionyesha kwamba TR4 ina asili yake tofauti. Na kwenye jeni zake za ziada walikuta zinazohusika na gesi ya nitriki oksaidi: kuvu huizalisha kwa wingi mwanzoni mwa uvamizi ikiushambulia mmea, na huku imewasha jeni za kujikinga isidhurike na gesi yake yenyewe. Walipoondoa jeni mbili zinazosukuma uzalishaji wa gesi hiyo, ukali wa TR4 ulishuka sana. Unaona jinsi muda ulivyo wa muhimu hapa. Gesi ikija kabla ya kinga, kuvu inajiua. Ikichelewa, mmea umekwisha kujipanga.

Mgomba nao una jeni

Hadi hapa nimeuzungumzia mgomba kama vile umekaa tu. Haujakaa. Ukihisi kuvu huwasha jeni za kuimarisha kuta, kutoa kemikali kali, na kuziba mirija kwa vivimbe na ute ili adui asipande. Ile rangi ya kutu uliyoiona kwenye shina sehemu yake inatokana na kemikali za ulinzi zilizokutana na hewa. Ukiziba mapema, chini kabisa, mgomba umepona. Ukiziba kwa kuchelewa, mgomba unaziba mirija mingi huku kuvu iko mbele tayari, na unajinyima maji wenyewe. Ndugu wawili wenye jeni zilezile za ulinzi wanaweza kuachana hapo tu, mmoja kawasha mapema, mwingine kachelewa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa jeni iitwayo RGA2. Ilitolewa kwenye mgomba-mwitu wa Kusini-Mashariki mwa Asia unaostahimili TR4. Profesa James Dale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland waliiingiza kwenye Cavendish na kupanda kwenye shamba lenye ugonjwa kaskazini mwa Australia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kwa miaka mitatu ya majaribio, ukoo mmoja wa migomba hiyo haukuugua kabisa. Lakini kilichofichwa ndani ya taarifa ile kilikuwa kitamu zaidi. Cavendish ya kawaida nayo ina jeni ya namna hiyo, tangu zamani. Inayo, ila inanakiliwa kwa kiwango cha chini mara kumi kuliko kwenye migomba ile iliyostahimili. Na kadiri RGA2 ilivyofanya kazi kwa nguvu, ndivyo mgomba ulivyostahimili. Cavendish haikukosa silaha, ilikosa sauti. Februari 2024 mgomba huo, uliopewa jina QCAV-4, ukapata kibali Australia, na Dale na wenzake wanaelekeza nguvu kwenye kuhariri jeni ya Cavendish yenyewe ili ipandishwe kiwango bila kuleta jeni ya nje.

Vita ya kuzimana jeni inakwenda pande zote mbili. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba kuvu ya nyanya hutuma ndani ya mmea vipande vidogo vya RNA vinavyozima jeni ya ulinzi ya nyanya. Miaka saba kabla yake watafiti wa India walikuwa wamekwisha kufanya kinyume chake kwenye mgomba: walitengeneza migomba inayozalisha RNA ndogo za kuzima jeni za kuvu. Na walilenga nini kati ya maelfu ya jeni? Walilenga Velveti, na FTF1, wasimamizi wawili. Migomba ile ilistahimili. Kwangu mimi huu ndio ushahidi unaoridhisha kuliko wote: walimpiga anayetoa amri, na silaha zikabaki bila wa kuzitumia.

Sasa sisi wa kando ya Ziwa

TR4 ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013, katika mkoa wa Nampula, na Msumbiji ni jirani yetu wa kusini. Lakini kinachoua kisukari nyuma ya nyumba za Sengerema si lazima kiwe TR4. Aina ya kwanza, ile ya zamani, inatosha sana kwa kisukari na bogoya, na Afrika Mashariki inayo kwa miongo mingi. Ndizi za kupika za Kagera kwa kawaida huistahimili aina hiyo, na ndiyo sababu unaweza kukuta kwenye kiwanja kimoja kisukari kimekufa na ndizi ya kupika iliyo hatua tatu pembeni inatoa mkungu bila wasiwasi. Watu hulitafsiri hilo kwa uchawi au kwa mkono wa aliyepanda. Ni jeni, na muda wa kuziwasha.

Niseme na hili. Utafiti mwingi niliousimulia umegharamiwa kwa sababu Cavendish ni biashara ya mabilioni. Kisukari hakina kampuni nyuma yake. Kina mama anayeuza vichane pale stendi ya Nyegezi na wateja wanaosema hakuna ndizi tamu kama hiyo. Na njia ya kuingiza jeni kwetu ilifungwa Januari 2021, serikali ilipositisha majaribio ya mazao ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni. Ubaya au uzuri wa uamuzi huo ni mjadala mwingine, mrefu. Ila hata ukipenda au ukichukia GMO, ujuzi wa wasimamizi una faida nyingine: watafiti wanaweza kupima ni jeni zipi za ulinzi zinawaka mapema kwenye mche, na kuchagua miche bora kwa njia ya kawaida ya uzalishaji bila kusubiri miaka shamba liugue.

Kwa mwenye shina lililoonyesha madoa ya kutu, hakuna dawa ya kunyunyiza wala ya kumwaga ardhini. Usigawe chipukizi la mgomba huo hata kama linapendeza, kwa sababu kuvu inaweza kuwa ndani ya tunguu bila dalili yoyote nje, na ndivyo ugonjwa unavyovuka kutoka kijiji hadi kijiji, kwa wema wa majirani. Udongo ulioganda kwenye jembe na viatu uuoshe hapohapo kabla hujaenda kwingine. Usiukokote mgomba uliokufa uwanjani kote, wala kumwachia mbuzi majani yake akayasambaze. Maji ya bafuni yanayopita kwenye shina hilo na kushuka kwa jirani yazibiwe njia, yapitie kwingine. Kisukari kipya, ukikitaka, kitafutie miche iliyozalishwa maabara kwa tishu na sehemu ambayo haijawahi kuwa na mgomba mgonjwa, mbali na mkondo wa maji ya hapo. Mche wa tishu unakuja bila kuvu, lakini hauji na kinga, ukiuweka kwenye udongo wenye spora utakufa kama ule wa kwanza.

Pale pa zamani panda ndizi ya kupika ya Kagera, au mahindi, au mhogo. Kuvu itakuwa bado ipo chini, na inaweza hata kuishi kimya kwenye mizizi ya magugu bila kuyadhuru, kwa hiyo usimruhusu mtu akuambie baada ya miaka mitano kwamba pameshapona.